Kuitafuta Nasaba Katika Daftari za Mabwana wa Jamaika

Mtu ambaye asili yake ni kisiwa cha Jamaika, akiazimu kuitafuta nasaba yake mpaka zama za utumwa, hana budi kulikubali tangu mwanzo jambo moja zito, nalo ni kwamba majina ya wazee wake, tangu Waingereza walipokitwaa kisiwa kile mikononi mwa Wahispania mwaka 1655 hata tarehe 1 Agosti 1838 watumwa walipopata uhuru kamili, hayakuandikwa na watu waliowapenda wala hayakuandikwa ili wakumbukwe, bali yaliandikwa na waliowamiliki, katika daftari zile zile walimoorodhesha nyumbu, ng'ombe wa kukokota, mapipa ya sukari na masufuria ya shaba ya kuchemshia maji ya miwa. Jambo hili linauma, na wako wengi waliofunga daftari walipoliona, wakaapa kutozifungua tena. Mimi nawasihi wazifungue. Atafutaye bibi yake mtumwa huanza kwa kumtafuta bwana wa shamba, si kwa kumtukuza bwana huyo wala kumtafutia udhuru, ila kwa kuwa sheria ya nchi ile ilimfanya binadamu kuwa mali, na mali haihami kutoka mkono hata mkono pasipo hati: huuzwa, huwekwa rehani, hurithiwa, hutengewa binti aolewaye, hugombewa mahakamani, hutozwa kodi, na kila lilipotendeka mojawapo la hayo, palikuwa na karani aliyekaa kitako akaandika majina.

Nayaandika haya kwa ajili ya wasomaji wetu wa aina mbili. Wako wale wanaoishi Uingereza, Kanada na Marekani, waliooana na watu wa kisiwa kile, ambao watoto wao wana bibi mmoja Tanga au Unguja na bibi wa pili katika vilima vya Westmoreland au Saint Elizabeth. Watoto hao wakikua huuliza, na ni haki yao kujibiwa kwa ukamilifu ule ule upande wa kuumeni na wa kukeni. Na wako wanafunzi wa tarikh ambao wamesoma habari za biashara ya watumwa kwa jumla, katika maelfu na malaki, lakini hawajapata kuona jinsi mtu mmoja, mwenye jina lake na mama yake na kazi yake, anavyoweza kufuatwa katika makaratasi kwa miaka thelathini au arobaini.

Msomaji wa pwani aijue kwanza tofauti moja ya sheria, kwa maana asipoijua atapotea mapema. Kwa sheria tuliyoizoea sisi, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru, akaitwa kwa jina la baba, akarithi pamoja na ndugu zake. Jamaika haikuwa hivyo. Huko mtoto alifuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata baba angekuwa ndiye bwana mwenyewe wa shamba, naye bwana aliweza kumwuza mwanawe, kumweka rehani, au kumwacha katika mirathi pamoja na vyombo vya nyumbani. Kwa sababu hiyo daftari za mashamba humtaja mama na kumnyamazia baba, na nasaba utakayoijenga humo itakuwa, kwa sehemu kubwa, nasaba ya kukeni. Usiione kuwa ni pungufu. Mama, na mama wa mama, ndio uzi uliosalia, na uzi huo una nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Kazi haianzii katika sajili ya watumwa ya mwaka 1817, ingawa hamu humvuta mtu huko. Huanzia kwa wazee walio hai. Waulize majina, naam, lakini waulize zaidi habari za mahali: kitongoji kiliitwaje, kanisa lilikuwa lipi, wafu walizikwa wapi, na je, iko ardhi ya ukoo? Jamaika wanayo desturi ya kipande cha ardhi kilichonunuliwa na mzee aliyetoka utumwani, kikaachwa bila kugawanywa, kila mzawa akiwa na haki humo, hata aliyehamia Birmingham au Toronto. Na mara nyingi kipande hicho kiko mwendo wa saa chache tu kutoka shamba ambalo mzee yule alitumikishwa. Kwa hiyo jina la kilima au la kijito lililosemwa na ajuza kwa kupitia tu, huenda likakufaa kuliko majina kumi ya watu.

Ukitoka kwa wazee, nenda kwenye uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo, ulioanza kisiwani mwaka 1878. Na nyuma ya hapo, kwenye daftari za makanisa. Kanisa la Kiingereza lina daftari zilizoanza katika karne ya 17, na nyingi kati yake zimepigwa picha na jumuiya ya FamilySearch, nazo husomwa bila malipo. Katika miaka ya mwisho ya utumwa watumwa wengi walibatizwa makundi kwa makundi, na kasisi aliandika jina la shamba au la mwenye shamba kando ya jina la mbatizwa. Ubatizo huo ndio kiungo kikubwa baina ya mtu huru wa mwaka 1850 na mtumwa wa mwaka 1820, kwa sababu ndipo jina la zamani na jina jipya yanapokutana. Wabaptisti, Wamethodisti na Wamoravia walikuwa na daftari zao wenyewe, nao walikuwa karibu zaidi na watumwa. Asiyemwona mzee wake katika Kanisa la Kiingereza asikate tamaa kabla ya kuuliza makanisa hayo.

Hapa yafaa kusema habari za mipaka, kwa maana imewapoteza watu hodari. Hadi mwaka 1867 kisiwa kilikuwa na wilaya za kiparokia 22, kisha serikali ikazipunguza zikawa 14. Zilizotoweka ni Vere, Saint Dorothy, Saint John, Saint Thomas in the Vale, Metcalfe, Saint George, Saint David na Port Royal. Basi mtu anayesema, «wazee wangu ni wa Clarendon,» yawezekana kabisa kwamba karatasi zao zote zimeandikwa Vere; na mwenye asili ya Portland huenda akawakuta watu wake katika Saint George. Ukiisha kuijua parokia ya zamani, chukua ramani ya James Robertson iliyotolewa mwaka 1804, ambayo imeyaonyesha mashamba kwa majina yake, utazame yapi yamekizunguka kijiji chako. Lakini tahadhari: majina kama Hopewell na Golden Grove yalipewa mashamba zaidi ya moja katika parokia mbalimbali, na mtu akilitaja jina bila parokia hajasema kitu. Tena kumbuka kwamba baada ya 1838 watu waliyahama mashamba wakaenda kwenye vijiji huru, kama kile cha Sligoville alichokianzisha mchungaji wa Kibaptisti James Phillippo mwaka 1835, na hao waliohamia walitoka katika mashamba mengi ya jirani. Kwa hiyo kijiji si jibu, kijiji ni katikati ya duara ambalo wewe utalipima.

Sasa tuje kwa bwana. Kosa kubwa wanalolitenda watafutaji ni kulishika jina la ukoo, wakasema: sisi ni akina Campbell, basi bwana wetu alikuwa Campbell. Ndivyo ilivyokuwa kwa baadhi, lakini wengine walijitwalia jina la wakala wa shamba, au la msimamizi, au la mwandishi wa stoo, au la mchungaji aliyewabatiza, au la bwana wa zamani aliyewauza miaka ishirini kabla, ambaye mama yao alikuwa bado anamkumbuka. Na wengine walijichagulia tu jina lililowapendeza, na ilikuwa ni haki yao. Jina la ukoo ni dalili, si ushahidi. Ushahidi ni mahali, na wakati, na jina la mtu pamoja na la mama yake vikikutana katika hati moja.

Kumjua mwenye shamba, basi, ziko kalenda za mwaka zilizochapishwa Jamaika, ambazo katika miongo ya kwanza ya karne ya 19 ziliorodhesha kwa kila parokia jina la mwenye mali, jina la shamba, idadi ya watumwa na idadi ya mifugo. Kalenda moja haitoshi. Panga za miaka mingi pamoja, mwaka baada ya mwaka, nawe utaona shamba likitoka kwa mtu, likaenda kwa «warithi wa fulani», kisha likaenda kwa mtu mwingine kabisa. Na huo mwaka wa mageuzi uandike kwa wino mwekundu, kwani ndio mwaka ambao hati zilitungwa, na hati ndizo zilizobeba majina.

Iko pia hazina ya elimu iliyokusanywa na University College London, jijini London, chini ya jina la Legacies of British Slavery, ambayo humwezesha mtu kutafuta kwa jina la shamba, la mwenye shamba au la parokia. Msingi wake ni daftari za fidia. Bunge la Uingereza lilipoupiga marufuku utumwa kwa sheria ya mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20, fedha iliyolingana na kiasi cha asilimia 40 ya matumizi ya serikali ya mwaka mmoja, na fedha hizo zote wakapewa wenye watumwa; watumwa wenyewe, ambao katika makoloni yote walikuwa kiasi cha 800,000, hawakupewa hata senti, bali walitakiwa waendelee kuwatumikia mabwana zao kwa miaka kadhaa katika kile kilichoitwa kipindi cha kujifunza. Msomaji wa Unguja ataikumbuka amri ya Seyyid Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897, iliyotolewa kwa shauri la serikali hiyo hiyo ya Kiingereza, na fidia yake ikaenda njia ile ile. John Gladstone, baba yake waziri mkuu William Ewart Gladstone, alipokea pauni 106,769 kwa ajili ya watu 2,508 waliokuwa katika mashamba yake ya Demerara na Jamaika. Na deni ambalo serikali ilijitwika kwa ajili ya fidia hizo halikumalizika kulipwa mpaka mwaka 2015, maana yake ni kwamba wajukuu na vitukuu vya watumwa waliohamia Uingereza walilipa kodi iliyosaidia kulifuta.

Hasira anayoipata mtu akisoma hayo ni ya haki. Hata hivyo asiiache imfumbe macho, kwa kuwa daftari za fidia zina upungufu ambao mgeni wa kazi hii hautambui: zina jina la bwana, jina la shamba, idadi ya watumwa na matabaka yao ya kazi, bali majina ya watumwa hazina. Faida yake ni mahali pengine. Waliodai fidia walikuwa wengi kuliko tunavyowaza, nao hawakuwa mabwana wakubwa peke yao: walikuwamo wajane waliokuwa na watumwa wawili, mabinti waliokuwa na haki ya malipo ya kila mwaka juu ya shamba, makasisi, wafanyabiashara waliokopesha fedha, na hata watu huru wenye damu ya Kiafrika waliokuwa na watumwa wao. Pale ambapo watu wawili au watatu waligombea fidia ya shamba moja, ilibidi kila mmoja aeleze haki yake ilitoka wapi, na maelezo hayo hufunua vizazi vitatu vya wosia, rehani na ndoa. Ufuate ugomvi, palipo na ugomvi wa mali pana maneno mengi.

Majina ya watumwa yamo katika sajili. Uingereza ilipokwisha kuikataza biashara ya kuleta watumwa wapya mwaka 1807, wapinzani wa utumwa walihofia magendo, wakaidai serikali iwaandikishe watumwa wote waliopo. Na Jamaika ikaanza kufanya hivyo kwa hesabu ya tarehe 28 Juni 1817, kisha kila baada ya miaka mitatu, mpaka 1832. Nakala zilizopelekwa London zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, katika fungu liitwalo T 71, na picha zake hutafutwa kwa njia ya kampuni ya Ancestry.

Yafaa nieleze kwa kirefu jinsi ya kuisoma sajili hii, kwa sababu hapa ndipo moyo wa kazi yote. Orodha ya mwaka 1817 inamtaja kila mtumwa: jina lake, rangi yake kwa mpango wa wakati ule wa kuwapima watu kwa damu, umri wake, na kama alizaliwa Afrika au alikuwa mzalia wa kisiwani; na katika safu ya mwisho, ya maelezo, wakala mwangalifu aliandika pia jina la mama. Wakala mzembe aliiacha tupu. Orodha zilizofuata, za 1820 na kuendelea, hazikurudia watu wote. Ziliandika tu walioongezeka na waliopungua, na sababu yake: huyu kazaliwa na mama fulani, huyu kafa, huyu kauzwa, huyu kapewa uhuru, huyu katoroka. Kwa hiyo mtu aliyetajwa mwaka 1817, akawa hakutajwa miongoni mwa waliopungua mpaka 1832, huyo alikuwa bado hai na bado yupo shambani. Na kutotajwa kwake ndio habari njema yenyewe. Ni lazima basi uzisome orodha zote, tangu ya kwanza hata ya mwisho, wala usidhani umemaliza kwa kuliona jina mara moja.

Angalia sana nani aliyeipeleka orodha. Wengi wa wenye mashamba walikuwa Uingereza au Scotland, na orodha ilitiwa sahihi na mtu mwingine, aliyejieleza kuwa ni wakala wa fulani, au wasii wa mirathi ya fulani, au mdai mwenye rehani, au mlinzi wa yatima. Na faharasa imepangwa kwa majina hayo. Ukitafuta jina la bwana ukalikosa, tafuta la wakala wake. Tena angalia majina mawili ya mtu mmoja. Watumwa wengi waliitwa kwa siku walizozaliwa, kwa desturi ya Waakan wa Ghana, kama vile sisi tunavyowaita watu Juma na Khamisi: Quashie ni wa kiume aliyezaliwa Jumapili, Cudjoe ni wa Jumatatu, Phibbah ni wa kike aliyezaliwa Ijumaa. Akibatizwa Phibbah akaitwa Eliza au Mary na jina la ukoo, orodha iliyofuata huenda ikayaweka majina yote mawili pamoja, na mstari huo mmoja unaweza kuunganisha karne mbili. Wenye kutafuta habari za kabila wajue kwamba sajili ya Jamaika husema «Mwafrika» na kunyamaza, ila kwa nadra jina lenyewe likiwa na neno kama Congo au Eboe. Sajili ya Trinidad, iliyoanza mapema zaidi, huandika kwa wengi nchi au taifa walikotoka, na huweza kuwaweka mama na watoto pamoja.

Nyuma ya 1817 njia huwa nyembamba, lakini haikatiki. Spanish Town, uliokuwa mji mkuu wa zamani, ndipo zilipo nyaraka za kisiwa: hati za mauzo na rehani, wosia, hati za uhuru, na hesabu za mirathi zilizofanywa alipokufa mwenye mali, ambazo zilitaja kila mtumwa kwa jina na kwa bei. Kuisoma bei ya bibi yako ni mtihani. Isome, uinukuu kama ilivyo, kwani pengine huo ndio ukurasa pekee duniani alioandikwa akiwa mtoto pamoja na mama yake. Ujue pia kwamba bei hizo ni za fedha ya Jamaika, ambayo pauni 140 zake zilikuwa sawa na pauni 100 za Uingereza. Na kwamba kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, hata hati ya Februari 1740 kwa hesabu ya siku zile ni ya Februari 1741 kwa hesabu yetu.

Ziko humo pia hesabu za mazao, zilizoanza mwaka 1740, ambazo mawakala wa wenye mashamba walioishi ng'ambo walilazimishwa na sheria kuziapia kila mwaka. Hazina majina ya watumwa, na kwa hiyo watu huzipita. Lakini zina majina ya mawakala na wasimamizi, na hapo linafumbuliwa fumbo la baba wa Kizungu, kwa sababu yeye, mara nyingi, hakuwa bwana wa shamba, ambaye pengine hakupata kukanyaga kisiwani maishani mwake, bali alikuwa msimamizi au mwandishi wa stoo, kijana wa Kiskoti au wa Kiingereza asiyekuwa na mali. Mfano wake ulio dhahiri kuliko yote ni Thomas Thistlewood, aliyefika Jamaika mwaka 1750 akawa msimamizi katika shamba lililoitwa Egypt huko Westmoreland, na akaandika shajara mpaka alipokufa 1786. Shajara hiyo imo leo katika Chuo Kikuu cha Yale. Ni kitabu cha kutisha, kwa kuwa mwenyewe aliuandika ukatili wake kwa utulivu wa mtu anayeandika habari za mvua. Humo ndimo tunamojua habari za Phibbah, mtumwa aliyemzalia mwana aitwaye John, naye Phibbah akapewa uhuru wake kwa wosia wa Thistlewood. Ikiwa katika familia yenu kuna hadithi ya babu Mzungu, tafuteni wosia wa wasimamizi, si wa mabwana tu, na mtazame neno linaloashiria watoto wanaodhaniwa kuwa wa mwenye wosia. Nanyi mjue kwamba sheria ya kisiwa ya mwaka 1761 iliwazuia watoto hao wasirithishwe zaidi ya pauni 2,000, jambo lililowafanya baadhi ya baba kuligawa fungu lao kwa hila ambazo hati huzionyesha. Wenye mali waliofia Uingereza, wosia zao mpaka mwaka 1858 zimo Kew pia, miongoni mwa zile zilizothibitishwa katika mahakama ya Canterbury.

Atakaye kuona kazi hii ikikamilika inafananaje, na alitazame shamba la Mesopotamia, huko huko Westmoreland, lililokuwa la ukoo wa Barham. Mabwana hawa waliishi Uingereza, na kwa kuwa walikuwa mbali waliwataka mawakala wao wawaletee orodha za watumwa mara kwa mara, zikiwa na majina, umri, kazi na hali ya afya. Orodha hizo leo zimo katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Tazama ajabu ya mambo: bwana aliyekaa shambani aliwajua watu wake kwa macho, akaandika kidogo, bwana aliyekaa mbali hakuwajua, akadai karatasi, na karatasi ndizo zilizotufikia. Kwa hiyo ukigundua kwamba shamba lenu lilikuwa la mtu asiyekuwapo, usisikitike, bali furahi, kisha ulizia nyaraka za ukoo wake katika hifadhi za wilaya alimoishi, huko Uingereza au Scotland. Kwa orodha za Mesopotamia, mwanahistoria Richard Dunn aliweza kuwafuata watu zaidi ya 1,100 walioishi pale tangu 1762 hadi 1833, akayaona maisha yao tangu utoto katika kundi la kupalilia majani, wakapanda hadi kundi kubwa la kuchimba mashimo ya miwa, mmoja akawa nokoa, mwingine fundi wa mapipa, kisha wakaandikwa wagonjwa, kisha wazee wasioweza kazi, kisha wafu. Vifo vilizidi vizazi kwa mbali. Lakini aliweza pia kusimulia habari za mwanamke mmoja, Sarah Affir, pamoja na watoto na wajukuu wake, kama inavyosimuliwa habari ya ukoo wowote wenye heshima. Wamisionari wa Kimoravia walikuwa na kazi yao katika shamba lile, na kumbukumbu zao zikawekwa kando ya daftari za bwana. Na hilo ndilo la kuigwa, kwani daftari ya bwana ikisomwa peke yake humwonyesha mtu kuwa ni mkono wa kazi, na daftari ya kanisa humwonyesha akiwa mzazi na jirani.

Kwa makoloni ya mataifa mengine nitasema machache. Suriname ya Waholanzi, ambako utumwa ulikoma 1863, ina sajili za 1830 hadi 1863. Nyaraka za visiwa vilivyokuwa vya Denmark, vilivyouzwa kwa Marekani mwaka 1917, zimewekwa wazi na Nyaraka za Taifa za Denmark. Visiwa vya Ufaransa viliwapa watu majina ya ukoo walipokombolewa 1848, na daftari za majina hayo ndizo za kuanzia. Na huko Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, na pia Kuba, msomaji wetu wa Masasi au wa kaskazini ya Msumbiji ashike makini, kwa sababu meli zilizotoka mwambao wetu zilifika huko, na katika hati za Kuba hukutwa watu walioandikwa kuwa ni wa taifa la Macuá, yaani Wamakua.

Upimaji wa vinasaba (DNA) unaofanywa siku hizi una manufaa yake, nao ni huu: huonyesha kwamba wewe na mtu fulani aliye Glasgow mna babu mmoja, lakini hausemi ni nani. Ufanye baada ya karatasi, ili uwe na jina la kulithibitisha au kulikataa.

Neno langu la mwisho ni kwa wale ambao, katika kutafuta, wamegundua kwamba wao ni uzao wa bwana, au wa bwana na mtumwa pamoja, na kwamba nyumbani kwa mjomba yao fulani kuna kasha lenye barua za wakala na orodha za shamba. Makaratasi hayo si siri ya aibu ya ukoo wenu peke yenu. Humo yamo majina ambayo familia nyingine, maskini kuliko ninyi na pengine mbali nanyi, wameyatafuta maisha yao yote. Msiyauze moja moja katika mnada, kwa maana orodha iliyotenganishwa na barua zake hupoteza nusu ya maana. Msiyapange upya wala msiyatie gundi. Yapelekeni kama yalivyo katika hifadhi ya wilaya iliyo karibu, mwombe yapigwe picha, na nakala ipelekwe Jamaika, kwenye hifadhi ya Spanish Town au Maktaba ya Taifa iliyoko Kingston. Na ikiwa moyo wenu hauko tayari kuyatoa, basi leo hii kaeni mezani mkayanakili majina ya watumwa, kila jina pamoja na umri, na mama yake, na mwaka, na jina la shamba na parokia yake, mkayapeleka hayo.